Shajara ya boksi la maswali, Magomeni Mtwara

Jumapili, 3 Agosti 2025

Jana bandani tulikuwa tunasubiri Taifa Stars na Burkina Faso, mechi ya ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Mwenye banda yuko juu ya bati anahangaika na dishi, sisi chini tumeshalipa mia tano zetu, joto limekolea. Mmoja akatupa swali ili tusichoke kusubiri: Mtanzania wa kwanza kufunga goli Ligi Kuu ya England ni nani? Banda zima: Samatta! Timu? Aston Villa! Alimfunga nani?

Hapo ndipo palipowaka. Nusu ya banda wakasema Manchester City, na wakaapa kwamba waliliona goli lenyewe kwa macho yao. Ni kweli waliliona, ila lile la City lilikuwa fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2020. La ligi alilifunga mwezi mmoja kabla, tarehe 1 Februari, ugenini kwa Bournemouth, na Villa wakapigwa 2-1 hivyo hivyo. Jamaa wawili walibishana mpaka wakanyang'anyana kiti. Dishi likakubali, Stars wakashinda 2-0, watu wakasahau. Mimi sikusahau.

Nimeamua: boksi moja la kadi za maswali ya michezo, swali mbele na jibu nyuma. Yawe maswali 240, ya michezo yote, siyo mpira wa miguu peke yake. Tutayatumia bandani kabla ya mechi, na mwisho tuandae shindano la vijiwe. Ukomo ni mwisho wa Septemba. Oktoba minada ya korosho ikianza hakuna kijiwe, nusu wako shambani na nusu wanaifuata hela.

Timu ya mradi: mimi (fundi simu, nina muda mwingi kati ya mteja na mteja), mpwa wangu anayejua kompyuta, na Mwalimu, mstaafu aliyefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi na ambaye mtaa mzima tunamwamkia kabla hajafika.

Jumatano, 6 Agosti

Daftari lina maswali 61. Nimeyahesabu leo kwa aina: 48 ni mpira wa miguu, na kati ya hayo zaidi ya nusu ni Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa lini (1935), Simba lini (1936), nani alifika fainali ya Afrika kwanza. Hili la mwisho nimelibakiza kwa sababu lina historia: Simba, 1993, Kombe la CAF, wakatoka sare kule Abidjan na Stella, kisha wakafungwa 2-0 nyumbani Dar es Salaam. Yanga wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, wakashinda Algiers 1-0 lakini walikuwa wameshapigwa 2-1 nyumbani, uwanja wa Mkapa, sheria ya goli la ugenini ikawamaliza. Simba tena mwaka huu huu, na Berkane ya Morocco. Swali likitaja timu hizi mbili lazima litaje na mwaka, la sivyo tutazika mtu.

Ya usajili nimeyafuta yote. Swali la usajili linaoza kama dagaa wa mvua.

Ya kwetu yapo: uwanja wa Nangwanda Sijaona uko wapi (aibu kwa atakayekosa), Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka gani (2014), Namungo ni ya wilaya gani (Ruangwa, mkoa wa Lindi). Yanatosha. Hatutaki watu wa Mtwara wajisifie bure.

Jumapili, 10 Agosti

Mpwa kaleta kurasa kumi na nne za maswali aliyoyapakua kwa Kiingereza na kuyapitisha kwenye tafsiri ya simu. Anasema kazi imekwisha, nimlipe soda.

Swali la kwanza: "Kwa nini ulingo wa ngumi unaitwa duara wakati ni mraba?" Nani kauita duara? Ulingo kwetu ni kile kichanja cha shambani anachopanda mtu kuamia ndege na kufukuza nguruwe, nguzo nne na sakafu ya fito, na tangu nizaliwe sijaona ulingo wa duara. Swali limekufa kabla halijaulizwa. La pili: "Katika tenisi, upendo ni sawa na ngapi?" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Jibu ni sifuri, lakini ukimuuliza hivyo mzee wa Magomeni atakujibu kwa uzoefu wake wa ndoa.

Kurasa kumi na nne zimetoa maswali tisa. Lakini tumejifunza kitu: swali linalotegemea neno la Kiingereza, kama "ring" ya ngumi au "love" ya tenisi, halivuki. Linalotegemea jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda linavuka bila pasipoti. Mfano ni mpira wa kikapu. Mwaka 1891, Springfield, Massachusetts, James Naismith alikuwa anatafuta mchezo wa kuwachezesha wanafunzi ndani wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya kuwekea mapichi kwenye kingo za roshani ya ukumbi, na kingo zilikuwa futi kumi kutoka sakafuni. Mita 3.05. Mpaka leo pete iko hapo hapo, kwa sababu tu roshani ile ilijengwa hivyo. Na vikapu vilikuwa na matako! Mpira ukiingia haushuki, mtu anapanda ngazi kuutoa. Swali letu likawa: "Siku za mwanzo za mpira wa kikapu, timu ikifunga, ni kifaa gani kilihitajika ili mchezo uendelee?" Ngazi. Mpwa kalifurahia kuliko yake yote.

Tumeweka na la Hasheem Thabeet: mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwenye usajili wa vijana wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na Memphis Grizzlies. Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Hili nalijua litaleta fujo tamu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa dada anayefundisha mpira wa pete, timu ya akina mama wa Ligula. Nilikuwa na maswali yangu manne ya netiboli, akayasoma akiwa amesimama, akanirudishia karatasi.

"Kaka, haya yameandikwa na mtu aliyeuona mchezo kwa dirishani."

Akachora uwanja mchangani kwa jivu, mistari miwili katikati kuugawa mafungu matatu. Akanivalisha fulana yenye herufi C, ya mchezaji wa kati, akanipa mpira, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa bado natafuta wa kumpa. "Faulo. Umeshapoteza." Ukidaka una sekunde tatu tu. Huruhusiwi kudunda ukakimbia nao kama kikapu. Na nilipoogopa nikausogelea mpira hadi chini ya goli, akapiga filimbi tena: C haingii kwenye nusu duara ya kufungia. Kati ya wachezaji saba wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, wenye fulana za GS na GA. Wengine hata wakisimama chini ya pete, ni watazamaji wenye jasho.

Maswali yake sita yameingia yote. Ninalolipenda zaidi: "Pete ya netiboli na pete ya kikapu, ipi iko juu?" Zote mita 3.05. Netiboli ilitokana na kikapu, ikachukua urefu wa ile roshani ya Springfield bila kuijua. Akaniambia pia kwamba timu yake inakuja kwenye shindano. Sikuwa nimemwalika bado.

Jumamosi, 16 Agosti

Mikindani, baraza la bao. Mwalimu alisema boksi la michezo lisilo na bao ni aibu kwa mtu wa pwani. Nimepanda daladala na kadi yangu moja ya majaribio: "Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji anaanza na kete ngapi?" Nyuma nimeandika 32.

Mzee mwenye bao lake hakuinua macho. Alikuwa anasambaza kete, unasikia tu ko, ko, ko kwenye mbao. Kete yake ya mwisho ikadondoka kwenye shimo tupu, akalala, yaani zamu yake ikaisha, ndipo akanigeukia.

"Thelathini na mbili wapi? Mkononi au ubaoni?"

Nikasema zote kwa jumla.

"Hukuuliza jumla. Umeuliza anaanza na ngapi. Mimi nikianza, ubaoni nina kumi: sita nyumbani, mbili na mbili pembeni yake. Mkononi nina ishirini na mbili. Hizo za mkononi nanamua, naziingiza ubaoni moja moja mpaka ziishe, ndipo tunaingia mtaji, hatua ya pili. Sasa wewe unataka jibu gani?"

Wenzake wakacheka, siyo kwa ubaya. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, mashimo 32 na kete 64 kwa watu wawili. Swali ndilo lilikuwa bovu. Na mtu akikosa kwa sababu swali ni bovu, hilo kosa ni la mwenye boksi.

Nimekaa hadi saa kumi na moja. Nimerudi na maswali matano ya bao, kila moja limepitishwa na baraza zima, na neno "jumla" limeandikwa mahali pake. Nimeanza pia kuyapitia yale mengine 100 na kitu kwa jicho la yule mzee: wapi? lini? kwa kipimo gani? Yamedondoka mengi. "Nani ana kasi kuliko wote?" Kwa miguu, kwa baiskeli au kwa mpira wa tenisi? Futa.

Jumamosi, 23 Agosti

Jana Morocco wametutoa robo fainali, 1-0. Banda lilikuwa kama msibani. Nikaona leo ndiyo siku ya kuwajaribia kadi 20, watu wapate la kuongea.

Nimejifunza kwamba watu wanautazama mpira miaka thelathini bila kujua sheria zake. Swali: "Mchezaji amerusha mpira kwa mikono kutoka nje, ukaingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani bila kuguswa na mtu. Mwamuzi anatoa nini?" Wengi: goli. Wachache: arudie kurusha. Jibu: golikiki. Na kama ameurusha ukaingia kwenye goli lake mwenyewe? Kona. Mzee mmoja alikataa katakata, akataka tumpigie simu mwamuzi anayemfahamu kule Masasi. Tukapiga, tukaweka spika. Mwamuzi akasema golikiki, kisha naye akatuuliza: je, kwenye mpira wa kurusha kuna kuotea? Hakuna. Kwenye kona? Hakuna. Golikiki? Hakuna. Simu ikakatika kwa kukosa salio, langu.

Tatizo jipya lililojitokeza: majibu yanayokufa. Swali letu la golikipa lilisema akishika mpira zaidi ya sekunde sita ni pigo huru lisilo la moja kwa moja. Ilikuwa hivyo. Kuanzia Julai mwaka huu ni sekunde nane, na adhabu ni kona. Mpira wa meza ni hivyo hivyo: Mwalimu anasema seti ni pointi 21 na ana haki, kacheza hivyo ujana wake wote, lakini tangu 2001 ni 11. Wavu nao, zamani ulikuwa huwezi kupata pointi mpaka uwe unaanzisha wewe, na seti iliishia 15. Sasa kila mpira ni pointi, na seti ni 25.

Tumekubaliana kila kadi ya sheria iandikwe mwaka. Mpwa kalalamika kwamba nafasi ya kadi ni ndogo. Aandike kwa herufi ndogo.

Jumapili, 31 Agosti

Wiki nzima ni riadha, na sijutii. Hapa ndipo Mwalimu alipochukua daftari na kuniacha nimtengenezee chai.

Filbert Bayi, Christchurch, New Zealand, 2 Februari 1974, mita 1500. Mwalimu alikuwa mtoto, walisimuliwa redioni. Wakimbiaji wa wakati huo walikuwa wanaviziana halafu wanafyatuka mwishoni. Bayi akatoka mbele tangu bunduki, akawaacha, akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho: dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani, na bado akabaki wa pili. "Baada ya hapo," anasema Mwalimu, "shule nzima tulikuwa tunakimbia kama Bayi. Yaani tunatoka kwa kasi yote, tunafika kona ya pili tunatapika." Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili, Kingston, Jamaika. Olimpiki ya Montreal 1976 Tanzania haikwenda, nchi nyingi za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo ule mpambano wa Bayi na Walker ambao dunia iliusubiri haukuwepo. Walker akachukua dhahabu.

Moscow 1980: Bayi fedha, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui fedha, mita 5000. Hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo mpaka leo. Tumetengeneza kadi nne hapo.

John Stephen Akhwari, marathoni ya Mexico 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Swali la kawaida ni "alikuwa wa ngapi?" Wa mwisho, watu hujibu. Nimelipinda kidogo: alikuwa wa 57 kati ya waliomaliza, na walioanza walikuwa 75. Kwa hiyo uliza: "Akhwari aliwashinda wangapi?" Mwalimu kanitazama, halafu akaliandika kwa mkono wake.

Kisha tukavuka Ruvuma. Mtu wa Mtwara ana ndugu ng'ambo, siyo haki kuwasahau. Maria Mutola, mita 800, Sydney 2000, dhahabu pekee ya Olimpiki ya Msumbiji, na alianza kwa kucheza mpira na wavulana. Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1966 kwa magoli tisa, akiwa na jezi ya Ureno. Swali: "Mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1966 alizaliwa nchi gani ya leo?" Neno "ya leo" limewekwa kwa heshima ya mzee wa Mikindani.

Kipchoge tumeweka kadi ya mtego. Vienna 2019 alimaliza marathoni kwa saa 1:59:40, lakini siyo rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji walikuwa wanapokezana. Rekodi, tulipoandika kadi hiyo, ilikuwa ya Kelvin Kiptum, Chicago 2023, 2:00:35.

Na namba 47 ni yangu mwenyewe, najivunia: "Mtanzania gani amewahi kuwa bingwa wa dunia wa riadha?" Jibu: Hakuna bado. Mwalimu hakuipenda. Alisema "hakuna" siyo neno la kuchapisha. Nikamwambia ndiyo utamu wa mtego.

Jumanne, 9 Septemba

Tumechapa, na tumeharibu.

Kadi nane kwa karatasi, safu mbili, karatasi ngumu 30. Maswali upande huu, majibu upande ule. Ukigeuza karatasi, safu ya kulia inakuwa nyuma ya safu ya kushoto, kitu ambacho mimi, mpwa, na kijana wa steshenari hatukukifikiria hata mmoja wetu. Kila kadi imepata jibu la jirani yake. Nani alishinda marathoni ya Roma 1960 bila viatu? Mita 7.32. Goli la mpira wa miguu lina upana gani? Abebe Bikila.

Shilingi 27,000. Kijana wa steshenari anasema yeye kachapa alicholetewa. Ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilimwomba achape karatasi moja ya majaribio, akasema mashine ikisimama inachelewa kuwaka. Tumebishana kidogo, tukaachana vizuri, atatutoza nusu bei ya marudio.

Zile mbovu mwenye banda kazichukua, anasoma swali na jibu lake kwa sauti kabla ya mechi. Watu wanacheka kuliko watakavyocheka kwa zile nzima.

Ijumaa, 12 Septemba

Kadi 240, sahihi, zimekatwa. Mpwa kakaa hadi saa tano usiku na kisu cha karatasi na rula ya chuma. Boksi ni la viatu, limefunikwa kwa kitenge na Mama Mwalimu. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi simu inaita. Mwalimu. Hakungoja salamu yangu.

"Namba arobaini na saba."

Nikadhani anaota.

"Simbu kashinda. Tokyo. Marathoni ya dunia. Dhahabu!"

Kule ilianza saa moja na nusu asubuhi, kwetu saa saba na nusu usiku, na sisi wote wenye boksi la maswali ya michezo tulikuwa tumelala fofofo. Nimeitazama picha ya mwisho labda mara thelathini. Wameingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, mita za mwisho Alphonce Simbu anamfikia, wanagonga mstari pamoja. Wote saa 2:09:48. Ilibidi picha iamue: sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 na mita 195, halafu mnatofautiana kwa kitu ambacho huwezi hata kukipepesea jicho. Shaba ya London 2017 alikuwa nayo, Rio 2016 alikuwa wa tano, Boston mwaka huu wa pili.

Bandani leo hakuna aliyefungua duka mapema. Mwenye banda kabandika kadi 47 mlangoni, kachora msalaba mwekundu juu ya neno "Hakuna". Siku tatu! Kadi yangu imeishi siku tatu.

Jumatano, 17 Septemba

Kadi mpya ya 47 ilikuwa iandikwe jana, jibu Alphonce Simbu, mwisho wa habari. Mwalimu kaikataa tena.

Kakumbuka kitu. Mwaka 2005, Edmonton, Canada, Fabiano Joseph alishinda mbio za dunia za nusu marathoni. Ni Mtanzania, na alikuwa bingwa wa dunia. Kwa hiyo jibu langu la "Hakuna" halikuuawa na Simbu. Lilikuwa limekufa miaka ishirini, mimi nikalichapa na kulikatia kwa rula ya chuma. Mwaka huo huo wa 2005, Christopher Isegwe alipata fedha ya marathoni Helsinki, kwenye mashindano ya dunia yenyewe. Nilikuwa najua la Isegwe, la Fabiano Joseph sikulijua kabisa.

Nimekwenda Mikindani Jumanne jioni kumweleza mzee wa bao, sijui kwa nini niliona lazima. Alisikiliza, akauliza: "Kwa hiyo swali liliuliza bingwa wa dunia wa nini?" Nikamwambia liliishia kwenye riadha. Akarudi kwenye bao lake.

Kadi 47 sasa imeandikwa kwa mkono, kalamu nyeusi: "Ni Mtanzania gani wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, yale yaliyoanza Helsinki 1983?" Ndefu, mbaya, haina utamu wowote. Haina pa kuingilia.

Jumapili, 28 Septemba

Shindano limefanyika jana. Vijiwe vinne: banda letu, Shangani, baraza la Mikindani, na akina mama wa netiboli. Maswali 15 kwa kila timu, msomaji Mwalimu, saa ya kuhesabia ni simu yangu. Zawadi sufuria mbili za ming'oko na katoni ya soda.

Banda letu tulitolewa wa kwanza. Sisi ndio tuliyatunga maswali haya na bado tumekosa saba, mimi mwenyewe nimesahau upana wa goli nikasema mita saba kasoro. Ni 7.32.

Shangani ni vijana wa ufukweni, waliletewa la kuogelea: Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000, mita 100, wenzake wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya wakati, akaogelea peke yake, dakika 1 sekunde 52.72, na hakuwahi kuliona bwawa la mita 50 kabla ya hapo. Swali lilikuwa: alikuwa wa ngapi katika mbio zake? Walikaa kimya sekunde ishirini, wakajibu wa tatu. Mtu yuko peke yake majini!

Mikindani wakafika swali la 14 wakiwa na nafasi ya ushindi. Mwalimu akasoma: "Februari 1971, mwanaanga wa Apollo 14, Alan Shepard, alicheza mchezo gani juu ya mwezi?" Mzee wetu hakuwashauri wenzake.

"Bao."

Ukumbi kimya.

"Mashimo yako kule tayari. Alihitaji kete tu."

Tulicheka mpaka mama mmoja akamwaga chai. Jibu ni gofu, alipiga mipira miwili. Mzee alitaka nusu pointi, Mwalimu akamnyima, nikaona wazi kwamba kamnyima kwa kujilazimisha. Akina mama wa netiboli wakachukua ushindi kwa lile la fainali ya Kombe la Dunia 1930: ilichezwa kwa mipira mingapi? Miwili. Argentina na Uruguay hawakukubaliana mpira wa nani utumike, kipindi cha kwanza ukatumika wa Argentina wakaongoza 2-1, cha pili wa Uruguay, na Uruguay wakashinda 4-2. Dada kocha alijibu kabla Mwalimu hajamaliza kusoma, na kila mtu Ligula sasa anajua.

Kadi 47 haikutoka.

Matumizi yote 48,500, kiingilio na michango 52,000, salio 3,500 liko kwa mwenye banda. Boksi linakaa Mikindani barazani hadi msimu wa korosho uishe, kwa masharti ya mzee: kadi atakazoziwekea alama ya penseli ziandikwe upya. Mpwa kapita huko leo mchana. Zimeshafika kumi na moja.